Kilichokuwa Chini ya Turubai la Mtambo wa Elektroni

Somanga, 8 Juni 2024

Mwanangu Debora,

Uliniambia kwamba ukikosa ruhusa chuoni nikuandikie yote yatakayosemwa siku ya kuzindua Kituo chenye jina la mama yako. Ruhusa ulikosa, nami nimeandika. Unajua mimi ndiye katibu wa mikutano ya kitongoji, mkono wangu umezoea kukimbizana na wasemaji. Yaliyo kwenye mabano ni mambo ya uwanjani.

Kabla mgeni rasmi hajapanda jukwaani nilimfuata nikamuuliza jambo moja tu: naruhusiwa kuingia shambani kupuliza dawa ya salfa? Mikorosho yetu ishirini na minane ina alama za X nyekundu, na huu ni msimu wa tatu tumekatazwa kuigusa. Ugonjwa wa ubwiri unga umeshaanza kuweupisha maua. Akanishika bega, akasema, "Mzee wangu, jibu lako limo ndani ya hotuba." Basi nilisikiliza kila neno.

Hotuba ndiyo hii.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kitongoji. Waheshimiwa wajumbe wa serikali ya kijiji, waliopo na walioomba udhuru. Waheshimiwa viongozi wa dini. Mheshimiwa dereva wangu, ambaye ametufikisha salama. Waheshimiwa wazee wa bao, ambao nawaona mmekuja na bao lenu. Waheshimiwa akina mama mnaopika huko nyuma, ambao harufu yenu imetufikia. Waheshimiwa wadau wa maendeleo, yaani stakeholders, mliokaa na mliosimama. Mabibi na mabwana: asalaam alaikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wale ambao salamu zao hazimo kwenye karatasi yangu, habari za asubuhi.

(Ilikuwa saa nane mchana. Tuliitikia zote.)

Mimi niliyesimama mbele yenu, kwa wale ambao hamjabahatika, ni Mheshimiwa Mhandisi Dakta Mudathiri Nampembe, Mratibu Mkuu wa Ofisi ya Uratibu wa Sayansi Tekelezi Ukanda wa Kusini, mjumbe wa kamati kumi na moja, mwenyekiti wa kamati tatu kati ya hizo, na mtu ambaye, bila kujisifu, maana kujisifu si hulka yangu na wote wanaonisifu wanalijua hilo, nimeweka mawe ya msingi arobaini na mawili kuanzia Somanga hadi Lindi mjini, na hakuna hata jiwe moja kati ya hayo lililowahi kuanguka.

(Makofi. Mzee Hussen, yule wa bao, akauliza kwa sauti, "Litaanguka vipi, na juu yake hakuna kitu?" Watu wakacheka. Mheshimiwa akainua mkono kuwashukuru.)

Ndugu wananchi, leo tunaandika historia, kwa sababu hapa, kwenye sakafu hii hii mnayoanikia korosho, tunazindua Kituo cha Kimataifa cha Mwalimu Martina cha Uchunguzi wa Viini vya Atomu kwa Njia ya Elektroni, kituo cha world class, chenye state of the art ya hali ya juu, ambacho kwa tathmini yetu ya awali kitainua uelewa wa viini katika kata hii kwa asilimia mia tatu na kumi na mbili ndani ya robo ya kwanza, na kitabakia hapo hapo kwenye robo ya pili kwa ajili ya kupumzika.

(Vigelegele vya akina mama. Jina la mama yako lilipotajwa, Apolonia wa jirani alinigeukia akanitikisia kichwa. Nami nikamtikisia.)

Kituo hiki hakikuota kama uyoga. Mwezi Februari mwaka 2021 ofisi yangu ilipokea barua kutoka kwa marehemu, mwalimu wa fizikia wa sekondari yenu ya kata, barua ya ukurasa mmoja yenye mchoro mmoja, nami nikiwa mtu ninayesoma barua zote ninazosomewa, niliagiza ichambuliwe na jopo la wataalamu wabobezi kwa muda wa miezi kumi na minne. Naomba ninukuu. "Kiini cha atomu ni kidogo mno, hakuna jicho wala hadubini ya kawaida itakayokiona. Lakini kitu ambacho hatuwezi kukifunua tunaweza kukirushia kitu kidogo tunachokijua vizuri, kama elektroni, kisha tukaangalia kimepinda kwa kiasi gani na kimetoka na mwendo gani. Kutokana na hapo tunachora umbo la kile kilichofichika. Nawafundisha wanafunzi wangu hivyo kwa meza, kanga na komwe." Mwisho wa kunukuu. Baada ya hapo kuna maneno madogo madogo ya mabati manne ya paa la maabara na gololi dazeni mbili, ambayo jopo liliyaruka kwa kuwa hayakuwa na impact.

(Watu wengi pale walisoma kwake. Unakumbuka somo lenyewe: anaweka kitu mezani, anakifunika kanga iliyonyanyuliwa kidogo pembeni, halafu mnaviringisha komwe za bao kwa chini na kuchora zilipotokea, mpaka mjue ni kitu gani. Kufunua ni marufuku. Mimi niliyeishia darasa la saba nilikijua kinu kwa njia hiyo, jikoni kwetu, na alinipigia makofi.)

Sasa nije kwenye ule mchoro, maana ndipo ofisi yangu ilipoonyesha weledi. Kwenye kona ya juu ya karatasi, ndugu zangu, kulikuwa na duara moja kubwa la rangi ya kahawia, lisilokuwa na maelezo yoyote. Ofisi isiyo makini ingelipita. Sisi hatukulipita. Jopo liliketi vikao tisa na kubaini kwamba duara hilo ndilo njia ya kuzungushia elektroni mpaka zipate kasi, nikaagiza lipimwe kwa rula, tukapata sentimita saba nukta mbili, tukazidisha mara elfu kumi ili liendane na hadhi ya mkoa, likawa na upana wa mita mia saba na ishirini, ambalo tulipolilaza juu ya ramani lilipita kwenye kisima, kwenye nusu ya uwanja wa mpira, na katika shamba la mikorosho ishirini na minane la ndugu yetu Stephano, na papo hapo, bila kuchelewesha maendeleo, tukaipiga X.

(Debora, lile duara ni la chai. Aliandika barua ile mezani jikoni, mimi nikamwekea kikombe juu ya karatasi bila kuangalia. Alinigombeza kidogo, kisha akasema, "Acha tu, wataona kwamba mwombaji ana mume." Nilisimama nikasema, "Mheshimiwa, hilo ni duara la kikombe." Akajibu, "Ahsante sana, mzee, maswali baadaye." Nikakaa.)

Ndugu wananchi, wapo wanaobeza. Wapo wanaouliza, kwa nini elektroni, kwa nini si kitu kingine? Nawajibu kitaalamu: elektroni ni ndogo, haina makuu, haina ngazi za ndani za uongozi, na inapokutana na kiini haigombani nacho kwa zile nguvu kali za ndani, bali inapinda kwa utaratibu unaojulikana na kupimika, kitu ambacho, naweza kusema, hata sisi watumishi tunapaswa kujifunza. Na kwa taarifa yenu, elektroni elfu nne mia mbili na sita tayari zimewasili, zimekaguliwa, na zimegawanywa kwa kuzingatia jinsia.

(Mzee Hussen: "Elfu nne tu? Kwenye mwiko wa ugali zimo zaidi ya hizo!" Kadija akamwambia, "Babu, nyamaza, uniazime komwe." Kadija unamkumbuka, alikuwa wa kwanza darasani mwa mama yako, sasa ndiye fundi wetu wa kushona.)

Na mtambo wenyewe, mabibi na mabwana, huu hapa! Mnauona chini ya turubai hili la bluu. Angalieni umbo lake. Angalieni ulivyochomoza katikati. Ni mtambo ambao nchi nyingi zinauota, na ambao kwa sababu za kiusalama, nasisitiza, za kiusalama, hautafunuliwa leo, kwa kuwa ndani yake elektroni zimepumzika baada ya safari ndefu, na mtu akifunua bila utaratibu zitatoka zote kwa mkupuo na mionzi yake itakwenda hadi Songo Songo bila kulipa nauli. Kwa hiyo mtu yeyote asifunue! Nani amenielewa?

(Tukajibu, "Tumekuelewa!" Na kweli Kadija alikuwa ameelewa. Turubai lilikuwa limefungwa kwenye nguzo nne za pembeni, na ukingo wake ulikuwa juu ya saruji kiasi cha kiganja. Kadija akachuchumaa upande wa kushoto na komwe za Mzee Hussen kwenye ushungi. Apolonia akazunguka upande wa kulia na kipande cha boksi na mkaa. "Babu, zipo ngapi?" "Sitini na nne, na zote nazijua kwa sura. Ikipotea moja nakuja dukani kwako na kesi." Komwe ya kwanza ikaenda. Apolonia akaita, "Imetoka! Moja kwa moja!")

Moja kwa moja, naam! Nashukuru kwa hamasa hiyo, mama. Tutakwenda moja kwa moja, hatutapinda kulia wala kushoto, maana mpango kazi wetu una awamu saba, ambapo awamu ya kwanza ni kuunda kamati ya kuandaa awamu ya pili, awamu ya pili ni kuipitia awamu ya kwanza kwa jicho la tatu, na awamu ya tatu hadi ya sita zimewekwa kwa ajili ya dharura, halafu awamu ya saba, ndugu zangu, ni kukata utepe, ambayo kwa kasi na ubunifu wa ofisi yangu ndiyo tumeanza nayo.

(Kadija akasogea hatua moja, akaviringisha nyingine. "Moja kwa moja!" Nyingine tena. "Moja kwa moja!" Watu wakaanza kusogea upande ule. Mwenyekiti wa kitongoji akawaambia, "Jamani, tuwe na adabu," kisha naye akasogea.)

Nafurahi kuona mwamko. Kituo hiki kitatoa ajira za moja kwa moja kumi na mbili, na ajira za kupinda, yaani zisizo za moja kwa moja, elfu tano na mia nane. Kitakuwa na maabara, hosteli, ukumbi wa mikutano, na mgahawa wa watafiti wa kimataifa, ambao tayari tumewaandikia, na mmoja wao, kutoka nchi ya mbali sana, alijibu kwa maneno mazito kwamba hajui tunazungumzia nini, jibu ambalo ofisi yangu inalichukulia kama mwanzo wa ushirikiano.

("Imepinda!" Apolonia akapiga kelele. Uwanja mzima ukapiga makofi. Mheshimiwa akafuta jasho, akainama kushukuru. Apolonia akachora mstari. Kadija akarudia pale pale. "Imepinda, kama ile ile!" Akasogea nusu hatua, ikapita. Akasogea tena, ikapinda kwa upande wa pili. Akazunguka, akaanza kurusha kutoka upande wa jukwaa, karibu na viatu vya mheshimiwa.)

Makofi haya ni ushahidi. Kuna nchi zimechukua miaka hamsini kupata makofi ya namna hii. Na niseme jambo kwa uchungu: Mwalimu Martina, kama angekuwa hai leo, angesimama hapa pembeni yangu, angeutazama mtambo huu, na angetambua kwamba ofisi haikulala.

(Angeomba komwe, mwanangu. Hapo hapo angeomba komwe.)

(Kadija akachukua boksi kwa Apolonia, akalitazama. Mzee Hussen akamuuliza, "Haya, fundi, ni nini?" Akasema, "Katikati pote patupu. Kuna vitu vinne tu, vyembamba, vimesimama kwenye pembe nne. Mraba wa kama hatua moja." Apolonia akasema, "Meza?" "Meza ni kubwa kuliko hapo. Ni kiti. Babu, mtambo wa elektroni ni kiti." Mzee Hussen alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, akapigwa mgongoni. Halafu Kadija akasema tena, taratibu, kama alivyofundishwa kutotupa kipimo hata kimoja: "Ila mguu mmoja si sawa na mingine. Huu wa nyuma kushoto ni mnene zaidi, na komwe ikiugusa inatoka imechoka. Ile mingine inairudisha na mwendo wake. Huu unakula mwendo. Umevikwa kitu laini.")

(Hapa kuna mistari miwili ya hotuba sikuiandika. Asubuhi yule dereva alikuja nyumbani akaomba kiti kimoja, akasema kuna mgeni amepungukiwa. Nilimpa kile chekundu. Mguu wa nyuma wa kushoto ulivunjika mwaka ule wewe unaanza darasa la kwanza, na mama yako akaufunga kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, mizunguko kumi na moja. Alikuwa akikaa juu yake kusahihisha madaftari.)

Ndugu wananchi, naelekea kuhitimisha, naona kuna minong'ono, na minong'ono ni dalili ya demokrasia. Naomba tuitikie kwa pamoja kaulimbiu za mradi. Kiini!

("Oyee!")

Elektroni!

("Oyee!")

Mtambo!

("Kiti!" Uwanja mzima, Debora. Hata waliokuwa wakipika.)

Ahsanteni sana. Kaulimbiu hiyo ni mpya lakini naipokea. Sasa, kwa kuwa mtu muungwana hushukuru, naomba nishukuru. Nakishukuru chama cha wakulima kwa kutuazima sakafu. Namshukuru mwenye turubai, ambaye anahitaji kulichukua kabla ya saa kumi. Namshukuru aliyetuazima ndoo iliyopo juu, na namshukuru kwa namna ya pekee mwananchi aliyetoa kiti, kwa sababu bila kiti hicho turubai lingelala chini, na mpiga picha wetu asingepata umbo la mtambo kwa ajili ya taarifa ya utekelezaji, ambayo inatakiwa Jumatatu. Namshukuru katibu muhtasi wangu, ambaye jana alipekua kabati zote nne za ofisi na kunithibitishia kwamba mradi huu haujasajiliwa popote, hauna namba, hauna jalada, hauna mhandisi wala mtambo, wala haujawahi kuombwa na mtu kwenda kwa mtu, jambo linaloufanya kuwa mradi pekee katika ukanda wetu usio na doa hata moja. Na kwa mantiki hiyo, nawashukuru ninyi nyote kwa uvumilivu wenu wa misimu mitatu juu ya kitu ambacho, kiutaratibu, hakijawahi kuwepo. Nashukuru kwa kunisikiliza.

(Hakuna aliyepiga makofi. Nikasimama. "Mheshimiwa, jibu langu sijalisikia. Naingia shambani au siingii?" Akanitazama kama mtu anayetafuta ukurasa. "Mzee wangu, sheria iko wazi. Mradi ambao haupo hauwezi kukuzuia." "Basi naandika kwamba umeniruhusu." "Hapana, hapana! Mradi ambao haupo hauwezi pia kukuruhusu." "Na zile X zilipigwa za nini?" Akashuka ngazi ya jukwaa, akasema kwa sauti ya chini, na hii ndiyo sentensi fupi kuliko zote alizosema siku ile: "Rangi ilikuwa inakaribia kuisha muda wake.")

Hotuba imeishia hapo.

Watu walisubiri mwenye turubai alifunue mwenyewe, maana Kadija alikataa lisiguswe na mwingine; alisema mwalimu angekasirika. Lilipofunuliwa kilikuwa kiti, na juu yake ndoo, ambayo Kadija hakuitaja kwa sababu komwe hazikufika huko. Mzee Hussen alihesabu komwe zake, akapata sitini na tatu. Ya sitini na nne ilikuwa imenasa kwenye mpira wa ule mguu. Alinitazama, kisha akasema niiache hapo hapo, atatafuta nyingine.

Kiti nimekirudisha jikoni. Barua ya mama yako niliiomba, nao wakanipa bila ubishi, kwa kuwa hakuna jalada la kuiweka. Kile kikombe cha maua bado kipo, ingawa mkono umevunjika. Nimekiweka juu ya duara kuona. Kimeenea sawasawa.

Kesho naanza salfa upande wa kisima. Kadija na Apolonia watanisaidia kubeba bomba la kupulizia. Yale maua yaliyokwisha kuungua hayatarudi, lakini mikorosho mingi bado haijachanua, tumewahi. Alama nyekundu sitazifuta, nitapuliza juu yake.

Soma kwa bidii, mwanangu. Ukimwombea mama yako, nikumbuke na mimi.

Baba yako,
Stephano